Faida ya Kuwasomea Watoto Wadogo

Wewe unayesoma ukurasa huu, yamkini unausoma kimya. Midomo yako imefumbwa, macho yako yanapita juu ya maneno, na aliyeketi karibu nawe hawezi kujua kama unasoma habari za vita au za arusi. Umekwisha kuzoea hivyo, hata unadhani kwamba ndivyo watu walivyosoma tangu kitabu cha kwanza kilipoandikwa. Sivyo. Kwa muda mrefu wa historia ya wanadamu kitabu kilikuwa kitu cha kusikilizwa. Mwishoni mwa karne ya 4, Agostino, mzaliwa wa Afrika ya Kaskazini, alifika mji wa Milano akamkuta Askofu Ambrosi akisoma bila kutoa sauti. Jambo hilo alilitia katika kitabu chake cha Maungamo kama kitu kinachostahili kuelezwa, akatafuta na sababu zake: labda askofu anaitunza sauti yake isikauke, au labda hataki waliopo wamkatize kwa maswali.

Kusoma kwa macho peke yake ni ustadi mzuri, wala sina neno juu yake. Lakini ni ustadi wa mwisho, si wa kwanza. Mtoto mdogo huanza pale pale walipoanzia watu wa kale, yaani masikioni. Kabla hajaijua herufi hata moja, aweza kuwa amekwisha kuijua lugha ya vitabu, kwa sababu mtu amemsomea. Na yule ambaye hakusomewa kamwe huingia darasani akiwa na mizigo miwili kichwani kwa wakati mmoja: herufi asizozijua, na lugha asiyoizoea. Sitaki, msomaji, uniamini kwa neno langu tupu. Njoo tutazame taifa moja maskini ambalo watu wake walijua kusoma zamani sana kabla ya kuwa na shule za kutosha.

Iceland ni kisiwa kilichoko kaskazini ya bahari ya Atlantiki. Ukubwa wake ni kilomita za mraba 103,000 hivi, wala haufikii moja ya tano ya nchi ya Kenya. Watu wa kwanza kukaa huko kwa wingi walitoka Norwei katika karne ya 9, na katika karne ya 13 wazao wao waliandika, kwa lugha yao wenyewe na si kwa Kilatini peke yake, visa virefu vya mababu zao: ugomvi wa mashamba, safari za baharini, visasi, na hukumu za mabaraza. Visa hivyo huitwa saga. Walakini nchi yenyewe ilikuwa ngumu. Watu walipohesabiwa mwaka wa 1703 walipatikana 50,358 tu, wametawanyika katika mashamba yaliyo mbalimbali. Mwaka wa 1783 ardhi ilipasuka mahali paitwapo Laki ikatoa moto na moshi wa sumu kwa miezi minane. Mifugo ikafa, njaa ikafuata, na karibu mtu mmoja katika kila watano akapoteza maisha. Shule zilizojulikana zilikuwa mbili za maaskofu, Skálholt na Hólar, nazo zilikuwa za vijana wa kiume wanaotazamiwa kuwa wachungaji. Sheria ya kuwalazimisha watoto wote kusoma shuleni haikutungwa hata mwaka wa 1907. Hata hivyo, karne ya 18 haikuisha ila watu walio wengi wa kisiwa hicho walikuwa wakijua kusoma.

Waliwezaje? Sehemu kubwa ya jawabu ni jioni zao.

Katika majira ya baridi jua la huko huonekana kwa muda wa saa nne tu kwa siku. Kazi ya nje haifanyiki. Nyumba zilijengwa kwa vipande vya udongo vilivyoshikamana na mizizi ya nyasi, na ndani yake palikuwa na chumba kimoja kirefu ambamo watu wote wa shamba, bwana na mtumishi, bibi na mjukuu, walilala, walikula na kufanya kazi. Vitanda vilipangwa kando ya kuta, na kila mtu aliketi kitandani mwake. Jioni ilipoingia, taa ya mafuta ya samaki iliwashwa. Hapo sufu ikaletwa: huyu anachambua, huyu anasokota, huyu anafuma soksi. Wanaume nao walifuma, wala hawakuona haya, na watoto walipewa sehemu yao ya kazi. Mtu mmoja tu hakushika sufu. Huyo aliketi karibu na taa, akafungua kitabu, akawasomea wengine. Kusoma kwake kulihesabiwa kuwa kazi kama kazi nyingine.

Jioni hizo waliziita kvöldvaka, maana yake kesha la jioni. Zilianza wakati wa vuli zikaendelea mpaka siku zilipokuwa ndefu tena. Zilisomwa saga, na zilighaniwa tenzi ndefu za vina ziitwazo rímur. Mwisho wa yote husomwa neno la dini, mara nyingi kutoka kitabu cha mahubiri cha Askofu Jón Vídalín, kilichopigwa chapa Hólar miaka ya 1718 hadi 1720. Katika siku za Kwaresima ziliimbwa nyimbo 50 za Hallgrímur Pétursson juu ya mateso ya Kristo, zilizopigwa chapa mara ya kwanza mwaka wa 1666. Vitabu vilikuwa haba. Shamba moja liliazima kwa jingine, na aliyependa kisa fulani alikinakili kwa mkono wake mwenyewe. Kazi hiyo ya kunakili iliendelea hata karne ya 19, wakati mitambo ya chapa ilipokwisha kuwako kisiwani kwa miaka mia tatu.

Sasa mfikirie mtoto wa miaka minne katika chumba hicho. Hakuna aliyemwambia, "Keti ujifunze." Amejilaza kitandani kwa bibi yake, anasikia sauti, anasikia taa ikivuma, anasikia watu wazima wakicheka mahali pa kuchekesha na kunyamaza mahali pa kutisha. Maneno mengi hayaelewi. Kesho atayasikia tena, na mwaka ujao kisa kile kile kitarudi. Polepole maneno yanaingia. Kabla hajaonyeshwa herufi amekwisha kujua kwamba alama zile nyeusi zinasema, na ya kuwa zinasema jambo lile lile kila zinapofunguliwa, hata msomaji akiwa mwingine.

Lakini tuseme kweli yote, maana historia haikubali kupambwa. Jioni hizo peke yake hazikumfanya kila mtu kuwa msomaji. Mwaka wa 1741 mfalme wa Denmark, ambaye ndiye aliyekuwa akikitawala kisiwa, alimtuma mchungaji Ludvig Harboe kuchunguza hali ya dini na ya elimu. Harboe alizunguka mpaka mwaka wa 1745, akaona kwamba wengi hawajui kusoma. Msomaji mmoja aliwatosha watu kumi, na wale kumi hawakuona haja ya kujifunza. Basi mwaka wa 1746 zikatolewa amri: wazazi na mabwana wa nyumba wahakikishe kwamba watoto wanafundishwa kusoma, na mchungaji apite nyumba kwa nyumba kuwasikiliza. Amri hizo zilikuwa kali, na zilikuwa na jambo moja la kuchekesha. Wachungaji waliagizwa kuwaonya watu waache saga na tenzi za kidunia, wasome mambo ya dini tu. Watu wa Iceland walitii nusu ya amri. Watoto walifundishwa herufi, na saga zikaendelea kusomwa kama kawaida.

Naona kwamba nusu hiyo waliyokataa kutii ndiyo iliyoisaidia ile waliyoitii. Amri za namna hii zimetolewa katika nchi nyingi, nazo zimeleta matunda haba mahali ambapo mtoto akisha kujua herufi hana kitu anachokitamani kusoma. Katika Iceland mtoto aliyefundishwa na mama yake au bibi yake, kando ya kazi ya sufu, alikuwa na tamaa tayari. Alijua kilichomo ndani ya kitabu. Alilokuwa akilihitaji ni ufunguo tu. Na angalia jambo hili: sheria ya kuwafundisha watoto kuandika na kuhesabu haikuja hata mwaka wa 1880. Kwa zaidi ya miaka mia moja palikuwa na watu wengi waliosoma vizuri ambao mkono wao haukuzoea kalamu. Kusoma kuliingia kwa njia ya sikio. Kuandika kulingoja mwalimu.

Ni nini hasa anachokipata mtoto anaposomewa? Sikiliza maneno ya nyumbani kwako mchana kutwa. "Lete maji. Funga mlango. Nani amemwaga uji?" Ni maneno mema, wala nyumba haiendi bila hayo, lakini ni machache na ni mafupi, kwa sababu vitu vinavyotajwa viko mbele ya macho na kidole chatosha kuvionyesha. Kitabu hakina kidole. Kitabu kinapotaka kumwonyesha mtoto jabali, jangwa au hasira ya mfalme, hakina budi kutumia maneno kamili. Kwa hiyo hata kitabu cha watoto kina maneno ya adimu kuliko mazungumzo ya watu wazima. Katika hadithi zetu "paliondokea sultani"; ni nani amewahi kukuambia mezani kwamba "paliondokea" mtu? Mtoto aliyelisikia neno hilo mara ishirini magotini pa mtu ampendaye, halimshtui atakapolikuta shuleni. Mwenzake aliyelelewa kwa Sheng ya mtaani peke yake hulikuta kama mgeni mlangoni, tena siku ya mtihani.

Pamoja na maneno kuna mpango wa habari. Anayesomewa hujifunza kungoja. Hujua kwamba jambo la mwanzo laweza kuwa sababu ya jambo la mwisho, kwamba aliyesema uongo ukurasa wa pili atafunuliwa ukurasa wa tisa. Huenda umemwona mtoto akidai kisa kile kile kila usiku, na ukiruka mstari mmoja kwa ajili ya usingizi anakukamata, "Sivyo!" Usimkasirikie. Mtoto huyo anatambua kwamba maandishi hayabadiliki, nalo ni jambo kubwa ambalo hadithi ya mdomo, pamoja na uzuri wake wote, haimwonyeshi. Msimulizi mwema hubadilisha kisa kila mara. Hiyo ndiyo sifa yake. Hadithi ya bibi na kitabu cha dada havigombani. Mtoto mwenye vyote viwili ana bahati.

Usidhani, ewe msomaji, kwamba haya ni mambo ya nchi za baridi tu. Katika pwani yetu ya kaskazini, mwaka wa 1858, Mwana Kupona binti Mshamu, mzaliwa wa Pate na mjane wa Bwana Mataka aliyetawala Siu, aliugua. Akamtungia binti yake, Mwana Hashima, utenzi wa mawaidha. Ni kweli kwamba binti alikuwa amefika umri wa miaka 17 hivi, wala hakuwa mtoto wa kubebwa. Lakini tazama jinsi utenzi huo ulivyofanya kazi. Uliandikwa kwa herufi za Kiarabu, ukasomwa kwa sauti ya kuimba, na wanawake wengi waliuhifadhi moyoni. Lugha yetu yenyewe ina kumbukumbu ya desturi hiyo. Twasema mtu "anasoma" akitazama herufi kimya, na twasema pia kwamba watu "wanasoma" maulidi, ambayo husomwa kwa sauti mbele ya mkutano.

Katika zama zetu wataalamu wamejaribu kulipima jambo hili. Mwaka wa 1988 Grover Whitehurst na wenzake wa Marekani walitoa habari za uchunguzi juu ya watoto wa miaka miwili hivi, ambao wote walikuwa wakisomewa na wazazi wao. Kundi moja la wazazi lilifundishwa namna ya kusoma: kumwuliza mtoto maswali yasiyojibika kwa "ndiyo" tu, kumngojea ajibu, kisha kuliongeza jibu lake. Mtoto akisema "Mbwa", mzazi husema, "Naam, mbwa mkubwa mweusi, anakimbilia wapi?" Baada ya mwezi mmoja tu watoto wa kundi hilo walikuwa mbele ya wenzao katika kusema. Mwaka wa 1989 waganga katika hospitali ya mji wa Boston walianza kumpa kitabu kila mtoto mdogo aliyeletwa kupimwa, na mwaka wa 2014 chama cha waganga wa watoto wa Marekani kiliwaagiza wanachama wake wawashauri wazazi kuwasomea watoto tangu uchanga. Waganga wameona kwamba maneno, kama maziwa, yana wakati wake.

Najua utakalosema. Utasema, "Nyumbani kwetu hakuna vitabu, na mama yangu hakwenda shule." Sababu ya kwanza ni nzito, wala siidharau. Katika Garissa huduma ya maktaba ilianza mwaka wa 1996 kupeleka vitabu kwa watu wanaohamahama, juu ya migongo ya ngamia, kwa kuwa bila ngamia visingefika. Lakini watu wa Iceland hawakuwa na vitabu vingi pia. Walikuwa na vichache vilivyosomwa mara nyingi. Kitabu kimoja cha hadithi ulichopewa shuleni, kikisomwa kwa sauti jioni mbele ya ndugu zako, kimekwisha kuwa vitabu vitano.

Na kuhusu mama, utawaza kwamba kumsomea mtoto ni kazi ya mzazi. Katika vyumba vile vya udongo haikuwa lazima. Alisoma yule aliyeweza, awe baba, awe mtumishi, awe kijana wa shamba, na wazee walimsikiliza. Katika nyumba nyingi za nchi yetu aliyeweza ni wewe. Kama kitabu ni cha Kiswahili na mdogo wako anakijua Kidholuo au Kikamba tu, soma mstari, kisha mweleze kwa lugha yake. Baada ya siku chache atakuomba uache kumweleza. Usiende mbio. Mwache aguse picha. Akiuliza swali katikati ya kisa, mjibu, maana kisa kitangoja. Na kama bibi yupo, msomee naye, kisha funga kitabu umwombe atoe hadithi yake.

Ubora wa bibi wa namna hiyo ulitajwa mbele ya wakuu mwaka wa 1955. Katika mwaka huo Halldór Laxness, mwandishi wa Iceland, alipewa tuzo ya Nobel ya fasihi. Aliposimama Stockholm kusema mbele ya mfalme wa Sweden, hakuanza kwa kuwasifu walimu wa vyuo. Alimkumbuka bibi yake, aliyemfundisha mamia ya mistari ya mashairi ya kale kabla hajaijua alfabeti.

Miaka 16 baadaye, tarehe 21 Aprili 1971, meli ya kivita ya Denmark ilitia nanga katika bandari ya Reykjavík. Ilikuwa imechukua vitabu viwili vya ngozi vilivyoandikwa kwa mkono katika Zama za Kati, ambavyo vilikuwa vimepelekwa kwa mfalme wa Denmark katika karne ya 17, na sasa vilikuwa vinarudishwa kwao. Kimoja ni cha mashairi ya kale. Kingine, kilichotengenezwa kwa ngozi za ndama zaidi ya mia moja, ni cha visa vya wafalme. Shule zilifungwa siku hiyo, na maelfu ya watu walijaa gatini, watoto wakiwa na bendera mikononi. Wengi wao hawakuwa wameviona vitabu vile hata mara moja katika maisha yao. Mabaharia walishuka ngazi wakiwa na vifurushi vyao, na watu wakawashangilia.